Anga la Usiku Juu ya Babati na Hatari ya Kuitegemea Setilaiti Peke Yake

Mazungumzo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali wa Sigino, katika mji wa Babati, Mkoa wa Manyara.



Mwalimu wa jiografia akichukua ramani ya Afrika na rula, akaunganisha Nairobi na Johannesburg kwa mstari mmoja ulionyooka, ataona kwamba mstari huo unapita jirani kabisa na Babati. Kwa hiyo mtu wa Sigino anayetoka nje jioni, akainua macho na kuona taa ndogo zikienda kimya kutoka kaskazini kuelekea kusini, haoni ajabu yoyote. Anaona mojawapo ya njia zinazoliunganisha bara hili. Abiria walioko ndani wamekwisha kula, rubani ameukabidhi usukani kwa mtambo, na mtambo unajua mahali ulipo kwa sababu unasikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi.

Watu wengi wakisikia habari hizo huuliza juu ya setilaiti yenyewe, au juu ya ndege yenyewe. Ni nadra mtu kuuliza kuna nini katikati. Na katikati ndiko kwenye shauri, kwa sababu wimbi la redio likitoka kwenye setilaiti hapana budi lipite katika tabaka la hewa iliyochajiwa umeme na jua, tabaka liitwalo ionosfia. Na sehemu ya tabaka hilo iliyo juu ya kaskazini ya Tanzania ni miongoni mwa zile zenye vurugu kubwa kuliko zote duniani.

Wazee waliokuwa na redio za betri katika miaka ya sabini hawahitaji kufundishwa kwamba tabaka hilo lipo. Walijua kwa uzoefu kwamba mchana stesheni za mbali husikika kwa shida au hazisikiki, na kwamba giza likiingia sauti kutoka nchi za mbali huja, hupanda, hushuka, hupotea na kurudi, kana kwamba msemaji amesimama nyuma ya pazia linalopeperushwa na upepo. Pazia hilo ndilo ionosfia. Huanza yapata kilomita 60 juu ya ardhi, na mahali pake pazito zaidi ni kati ya kilomita 300 na 400. Huko mionzi mikali ya jua hugonga chembe za hewa nyembamba na kuzipokonya elektroni, na elektroni hizo zilizo huru huweza kuyapinda mawimbi ya redio, hata yale mafupi yakarudishwa chini kama mpira uliogonga dari. Mnamo mwaka 1902 Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza walisema, kila mmoja kwa upande wake, kwamba lazima dari hiyo iwepo. Mwaka 1924 Edward Appleton aliithibitisha kwa vipimo, na mwaka 1947 akatunukiwa tuzo ya Nobel.

Mawimbi ya setilaiti za kuongozea ndege ni ya namna nyingine. Wimbi kuu la setilaiti za Marekani, zijulikanazo kwa jina la GPS, hutetemeka mara milioni 1,575.42 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hulipenya tabaka badala ya kurudishwa. Lakini kupenya si kupita salama. Elektroni hulichelewesha. Na katika kazi hii kuchelewa ndiko kukosea, maana kipokezi kilicho ndani ya ndege hakina rula wala mkanda wa kupimia: kinapima muda tu. Kinauliza wimbi limetumia muda gani kufika, kisha kinazidisha kwa mwendo wa mwanga. Sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na mita 300. Wimbi likichelewa hata kidogo kabisa, kipokezi kitaamini kwamba setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo.

Usiku wa manane, elektroni zikiwa chache, kosa hilo ni mita moja au mbili tu kwa setilaiti iliyo utosini. Saa nane mchana, katika miaka ambayo jua limechachamaa, katika ukanda huu kosa hilo huweza kufika mita 16 na kuzidi. Na kwa setilaiti iliyo chini karibu na upeo wa macho, ambayo wimbi lake hulikata tabaka kwa mshazari, kosa huweza kukaribia mara tatu ya hapo. Setilaiti zenyewe hutangaza kanuni ndogo ya kusahihisha, iliyobuniwa na John Klobuchar, na kanuni hiyo huondoa nusu ya kosa hivi. Nusu nyingine hubaki. Ni kanuni ya wastani wa dunia nzima, na wastani wa dunia nzima haujui mambo ya Babati.

Hapa ndipo mwalimu wa jiografia anapohitajika tena. Watoto wamefundishwa kwamba Ikweta inapita Kenya na Uganda, na ni kweli. Lakini dunia ina ikweta ya pili, ya usumaku, mahali ambapo sindano ya dira iliyoachwa huru hulala sawa bila kuinama upande wowote. Katika Afrika ya Mashariki ikweta hiyo haipiti Kenya. Inapita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Elektroni za angani hazifuati mistari ya ramani za shuleni, hufuata sumaku. Mchana, juu ya ikweta ya usumaku, nguvu za umeme huzinyanyua elektroni juu sana, kisha elektroni huteremka kwa kuifuata mistari ya sumaku, nyingine upande wa kaskazini na nyingine upande wa kusini, mfano wa maji ya bomba lililopasuka yanayoruka juu katikati na kuangukia pembeni. Mahali zinapoangukia ni yapata digrii 15 kila upande wa ikweta hiyo. Upande wa kaskazini ni huko kwenye mipaka ya Misri na Sudan. Upande wa kusini ni hapa. Babati iko kiasi cha digrii 13 au 14 kusini ya ikweta ya usumaku, yaani karibu na mgongo wenyewe wa lundo.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Mtu huzoea kudhani kwamba mahali jua linapopiga wima ndipo hewa ya juu inapochajiwa zaidi. Sivyo. Lundo kubwa haliko juu ya Addis Ababa. Liko juu ya mashamba ya mahindi na mbaazi ya Manyara.

Na hayo ni ya mchana, ambayo ndiyo mepesi. Mazito huanza jua likizama. Wakati huo tabaka la juu hunyanyuliwa kwa ghafula, na sehemu yake ya chini, ikiwa imekosa jua, hupungua upesi. Kinachobaki ni kitu kizito kilichokaa juu ya kitu chepesi. Kila mama aliyekoroga uji mzito anajua kinachofuata: chini panafanyika mapovu, mapovu yanapanda, yanapasua uso wa uji. Katika ionosfia mapovu hayo ni matundu yasiyo na elektroni nyingi, yenye upana wa makumi au mamia ya kilomita, na kwa kuwa yamefungwa kwenye mistari ya sumaku hurefuka kaskazini na kusini hadi yakafika kwenye lundo hilo la pembeni. Pale tundu linapokutana na lundo ndipo vurugu huwa kali kupita kote. Huanza yapata saa moja na nusu usiku, hudumu hadi saa sita au zaidi, na huzidi katika majira ambayo usiku na mchana hulingana, yaani Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba.

Wimbi linalopita kwenye kingo za mapovu hayo halicheleweshwi tu. Linametameta. Nyota humetameta kwa sababu mwanga wake umepita katika hewa isiyotulia, na setilaiti nayo humetameta kwa kipokezi kwa sababu kama hiyo: nguvu ya wimbi hupanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde chache, na ikishuka mno kipokezi hulipoteza wimbi, kikaanza kulitafuta upya. Setilaiti moja ikipotea si neno. Tatu au nne zikipotea kwa pamoja, hesabu inabadilika. Maana kipokezi cha ndege kinahitaji setilaiti nne ili kijue mahali kilipo, tano ili kigundue kwamba mojawapo inasema uongo, na sita ili kimtambue mwongo na kumtoa. Rubani aliyekuwa na nane, akabakiwa na nne, bado anaoneshwa mahali alipo kwenye kioo chake. Lakini mtu wa kumhakikishia kwamba kioo hakidanganyi hayupo tena.

Yafaa kusema ukweli wote ili watu wasitishike bure. Ndege haianguki kwa sababu ionosfia imechafuka. Kimo cha ndege katika safari za kawaida hupimwa kwa mgandamizo wa hewa, si kwa setilaiti. Ndege kubwa zina vifaa vya ndani vinavyoendelea kukisia mwendo na mahali hata setilaiti zikinyamaza. Ndege ndogo, kama zile ambazo kwa miaka mingi zimetua kwenye kiwanja cha Haydom huko Mbulu zikileta waganga, huruka mchana, rubani akiongozwa na macho yake; na saa za mapovu zinapofika zimekwisha kufungwa kamba. Wala ajali mbaya ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, ambapo ndege ya abiria iliangukia ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa na watu 19 wakapoteza maisha, haikuwa na uhusiano na mambo haya. Inatajwa hapa kwa sababu moja tu: inamkumbusha kila mtu kwamba dakika za mwisho, uwanja ukiwa hauonekani vizuri, ndizo dakika ambazo rubani anahitaji kila msaada.

Na mambo yanabadilika. Viwanja vya mikoani vimekuwa vikiwekewa taa, jambo ambalo wananchi wameliomba kwa muda mrefu na ni haki yao. Uwanja wa Songwe, unaojulikana kwa ukungu, ni mfano mmoja. Taa maana yake ni ndege za usiku. Ndege za usiku maana yake ni ndege zinazotua saa mbili, saa tatu, saa nne, yaani saa zile zile ambazo mapovu yamepamba moto. Kadhalika viwanja vingi ambavyo haviwezi kugharimia mitambo mikubwa ya ardhini hupewa njia za kutua zinazotegemea setilaiti, kwa kuwa njia hizo hazihitaji mtambo wowote pale uwanjani. Ni uamuzi wa busara kwa hesabu ya fedha. Lakini mambo haya mawili, taa na setilaiti, yakikutana katika usiku wa mwezi Machi, shauri la ionosfia huacha kuwa la wanasayansi peke yao.

Wapo watakaosema kwamba rada itasaidia, na ni kweli. Nchi ilitia saini mwaka 2017 mradi wa rada nne za kiraia, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. (Walimu wanaikumbuka rada kwa sababu nyingine: ile pauni milioni 29.5 iliyorudishwa mwaka 2012 na kampuni ya Uingereza iliyoiuza rada ya zamani, ambayo wananchi waliibatiza jina la chenji ya rada, ndiyo iliyonunua vitabu na madawati ya shule za msingi.) Rada ina sifa moja isiyothaminiwa vya kutosha: haimwulizi rubani wala setilaiti ndege ilipo, inapima yenyewe. Lakini pembeni ya rada umekuja utaratibu mpya, wa bei nafuu, ambao ndege yenyewe hujitangaza mahali ilipo, na kituo cha ardhini husikiliza. Ndege imejuaje mahali ilipo? Imeambiwa na setilaiti. Basi setilaiti zikifichwa na mapovu, rubani na mwongozaji wa ndege hupotelewa kwa wakati mmoja na kwa sababu moja. Msaada unaokauka pamoja na kile unachokisaidia si msaada wa kutegemea.

Nchi tajiri zilikwisha kukutana na tatizo hili zikatafuta dawa. Marekani ilianza mwaka 2003 kutumia utaratibu ambao vituo vingi vya ardhini hupima kosa la ionosfia kila wakati, na masahihisho hurushwa kwa ndege kupitia setilaiti nyingine. Mwezi Oktoba mwaka ule ule jua lililipuka. Tarehe 29 huduma ya kumteremsha rubani kwa kimo ilikosekana kwa saa 15 hivi, na tarehe 30 kwa saa 11. Mtambo haukudanganya mtu. Ulikiri kwamba haujui, na huo ndio uungwana wa mtambo uliotengenezwa vizuri. Lakini ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa dhoruba ya nadra katika anga ambalo kwa kawaida ni tulivu. India, iliyo chini ya anga linalofanana na la hapa, ilipotaka utaratibu wa namna hiyo haikuweza kuichukua kanuni ya Marekani kama ilivyo. Iliwalazimu wataalamu wake kuunda kanuni yao ya ionosfia kwanza. Nako Brazil, walipopima jinsi kosa linavyobadilika kutoka mahali hadi mahali, walikuta tofauti inayofikia sentimita 85 kwa kila kilomita moja ya ardhi, ilhali dhoruba kali kuliko zote zilizopimwa Marekani zilitoa sentimita 41 hivi. Yaani usiku wa kawaida wa mapovu Brazil huweza kuzidi siku mbaya kabisa ya Marekani mara mbili.

Afrika ya Mashariki haina utaratibu wa namna hiyo mpaka sasa. Ukija, na yamkini utakuja, swali la kuulizwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wenzake wa Jumuiya, ambao wakala wao wa usalama wa anga una makao yake Entebbe, si bei yake tu. Ni kanuni yake ya ionosfia ilipimwa wapi.

Inasemwa pia kwamba setilaiti mpya zitaondoa tatizo, kwa sababu hutuma mawimbi mawili ya masafa tofauti, na kipokezi kikilinganisha kuchelewa kwa moja na kwa jingine huweza kulihesabu kosa na kuliondoa karibu lote. Ni kweli kabisa kuhusu kuchelewa. Si kweli kuhusu kumetameta. Wimbi la pili ni la masafa ya chini zaidi, na masafa ya chini humetameta zaidi. Kipokezi kisichosikia hakiwezi kulinganisha.

Kuna sababu nyingine inayowafanya wakubwa wa Ulaya na Marekani kutoliona tatizo la huku kama linavyostahili. Kwao ionosfia huchafuka jua linapotema dhoruba, kama ile ya Mei 10 na 11, 2024, ya daraja la juu kabisa ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003, iliyowafanya wakulima wa Marekani kusimamisha matrekta yao katikati ya msimu wa kupanda kwa kuwa mitambo ya kuyaongoza ilipotea njia. Dhoruba huonekana ikija. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka, tangu Novemba 7, 2019, vituo vya kutoa tahadhari kwa marubani, na Afrika Kusini ina kituo cha kanda huko Hermanus. Ni jambo la kushukuru. Lakini mapovu ya ikweta hayangoji dhoruba. Hutokea siku ambayo jua limetulia tuli. Dhoruba yenyewe, kwa kinyume, usiku mmoja huyachochea na usiku mwingine huyazuia yasiinuke kabisa. Na Hermanus iko mbali mno kusini kulitazama anga la Manyara. Hilo lataka vipimo vya huku.

Jambo la kusikitisha ni kwamba vipimo vya huku vilianza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Aprili 26, 1967, Waitalia walirusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi, na miongoni mwa vyombo vyake kulikuwa na kirusha mawimbi ya redio cha kuchunguza elektroni za ionosfia. Kutoka jukwaa hilo hilo, Desemba 12, 1970, ilirushwa setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza mionzi ya nyota, nayo kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya kujitawala kwa Kenya ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Pwani ya Waswahili ilikuwa mlango wa anga kabla nchi nyingi hazijawa na mlango. Elimu iliyopatikana ilikwenda kufundishwa kwingine.

Hata leo vifaa havikosekani kabisa. Kuzunguka Oldoinyo Lengai, kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya Babati, vipo vipokezi vya setilaiti vilivyoanza kufungwa mwaka 2016 na watafiti wa Marekani wakishirikiana na Chuo Kikuu Ardhi, ili kuchungulia jinsi volkano inavyovimba na kunywea. Kwa mtaalamu wa volkano ionosfia ni kero, uchafu wa kufutwa ili abaki na milimita zake za ardhi. Kwa mtaalamu wa usafiri wa anga uchafu huo ndio dhahabu. Takwimu ni zile zile. Wapima ardhi nao, wanaokwenda mashambani na vipokezi vya bei kubwa, wanajua vizuri kwamba kuna saa ambazo chombo kinagoma kutulia. Nao aghalabu husubiri, wakanywa chai, wakaanza upya, bila kuandika popote kwamba saa fulani ya siku fulani anga lilikataa. Kama wangeandika, leo kungekuwa na kumbukumbu ya miaka mingi.

Sasa umefika wakati wa kusema ni kitu gani hasa kinachoweza kukosewa. Jua lina zamu zake, za miaka 11 hivi. Zamu ya sasa ilianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba limefika katika kilele chake. Baada ya kilele hufuata mteremko, na kuelekea mwaka 2030 anga litakuwa shwari. Setilaiti zitasikika vizuri, ripoti za kupotea kwa mawimbi zitapungua, na katika ofisi fulani, siku fulani, mhasibu mwenye nia njema kabisa atauliza kwa nini nchi inaendelea kulipia umeme, vipuri, walinzi na safari za ndege za ukaguzi kwa ajili ya minara ya zamani inayowapa marubani uelekeo na umbali, ilhali setilaiti ni za bure na hazijaleta malalamiko kwa miaka mitatu. Atakuwa na takwimu. Takwimu zake zitakuwa sahihi. Na atakuwa amepima kina cha mto wakati wa kiangazi.

Mhasibu huyo asibezwe, kwa maana gharama anazozitaja ni za kweli. Mitambo ya ardhini huzeeka, vipuri vyake huagizwa kwa fedha za kigeni, na mafundi wanaoijua wanastaafu. Si lazima kila mnara ubaki. Lakini atazame Marekani, wenye mali yao, waliozirusha setilaiti hizo za GPS kwa fedha zao. Walipoamua kupunguza minara yao, iliyokuwa karibu 900, hawakuifuta yote. Waliweka mpango wa kubaki na mtandao wa minara 590 hivi, ili ndege yoyote itakayopotelewa na setilaiti iweze kufika na kutua mahali salama. Ikiwa mwenye kisima ameweka pipa la akiba, mgeni anayechota kwake kwa hisani aonekane mjanja kwa kuvunja mitungi yake?

Kwa Tanzania mtandao huo wa akiba si mkubwa. Ni mitambo ya kutulia iliyoko kwenye viwanja vikuu, Kilimanjaro na Dar es Salaam vikiwa vya kwanza; ni minara michache ya uelekeo na umbali iliyopangwa ili ndege iliyo juu ya Babati, au Tabora, au Songea, iweze kuusikia angalau mmoja; ni rada zinazopima zenyewe. Na ni orodha, iliyokubaliwa kabla ya tatizo, ya viwanja gani ndege igeukie endapo setilaiti zitapotea saa tatu usiku wa mwezi Machi, kukiwa na wingu zito kwenye kingo za Bonde la Ufa, na mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, umesimama gizani. Ikumbukwe pia kwamba zipo sehemu ambazo setilaiti huzimwa na wanadamu kwa makusudi, kama ilivyotokea katika vita vya Mashariki ya Kati na mashariki ya Kongo. Mnara wa ardhini unasaidia kwa yote mawili.

Ama kwa walimu, ipo kazi ambayo haihitaji kibali cha wizara. Simu nyingi za sasa zina uwezo wa kuonesha, kwa programu za bure, kila setilaiti inayosikika na nguvu ya wimbi lake. Mwalimu wa fizikia wa Sigino akiiweka simu mahali pa wazi, mbali na miti na mabati, na wanafunzi wawili wakasoma namba kila dakika, baada ya siku chache wataanza kujua ni kufifia gani kunakoletwa na mti au mtu aliyepita, na kupi hakuna sababu yoyote hapa chini. Usiku ambao setilaiti mbili tatu za upande mmoja wa anga zinafifia kwa pamoja, zinapona, kisha zinafuata nyingine zilizo mashariki yake, yaelekea darasa hilo limeliona povu likipita, maana mapovu husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Wiki ya mwisho ya Machi ndiyo ya kuanzia, tangu saa moja na nusu usiku hadi saa tano. Daftari moja lenye tarehe, saa, namba ya setilaiti na upande wa anga ilikokuwa linatosha kwa mwaka wa kwanza, na daftari la mwaka wa kilele likiwekwa kando ya lile la mwaka 2030, mhasibu yule ataweza kuyasoma yote mawili.